Tunza Mti Upate Ua

Hotuba iliyotolewa Ntalikwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa



 Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "jambo lolote lenye manufaa kwa shule". Wenzangu waliopata kusimama hapa miaka iliyopita walizungumza juu ya kazi, mitihani na ujenzi wa mabweni. Mimi leo nitazungumza juu ya maua. Najua wapo watakaocheka, maana sisi watumishi wa Serikali tumezoeleka kwa mafaili, si kwa maua. Lakini nawaombeni subira. Mchana huu mkutano wetu utatakiwa kukata shauri juu ya ule msitu mdogo uliobaki nyuma ya viwanja vya michezo. Pendekezo lililo mbele yetu ni kwamba miti yake ikatwe, kuni zitumike jikoni, na mahali pake ipandwe mikaratusi. Kabla hatujanyosha mikono, ni vema tujue ndani ya msitu ule mnaishi nini.

Ndani ya msitu ule mna okidi. Nimezitazama jana jioni pamoja na vijana wawili wa kidato cha tatu, nao walishangaa, kwani kila siku hupita chini yake wakienda mpirani.

Okidi ni nini?

Okidi ni jamii ya mimea ya maua iliyo kubwa mno. Ina aina zaidi ya 25,000 duniani, nazo zinaishi katika kila bara isipokuwa lile la barafu la kusini. Ukitaka kuitambua, tazama ua lake. Lina vipande sita: vitatu vya nje na vitatu vya ndani, na kimoja kati ya vile vya ndani hakifanani na wenzake. Hicho huitwa mdomo, na ndipo mdudu anapotua. Unga wake wa uzazi, yaani chavua, haupeperuki kama ule wa mahindi. Umefungwa katika vidonge vidogo vyenye gundi, navyo humganda mdudu na kusafiri naye mpaka ua jingine.

Ziko okidi za ardhini na ziko okidi za juu ya miti. Watu wengi hudhani kwamba hizi za juu ya miti ni vimelea, kama ile mimea inayoota kwenye matawi ya miembe yetu na kunyonya utomvu mpaka tawi linakauka. Sivyo. Okidi haimnyonyi mwenyeji wake hata tone moja. Mti kwake ni mahali pa kukaa tu, kama vile mpangaji anayejipikia mwenyewe. Mizizi yake imefunikwa na ganda jeupe linalonyonya maji kama sifongo. Mvua ikinyesha ganda hilo hulowa na mzizi huonekana kijani. Likikauka hurudi kuwa jeupe. Chakula chake hupata katika majani makavu, vumbi na kinyesi cha ndege kinachokusanyika kwenye magome.

Sasa sikilizeni habari ya mbegu zake, maana hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo yangu. Tumba moja la okidi huweza kuwa na mbegu laki kadhaa, pengine zaidi ya milioni moja, nyepesi kama vumbi. Lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula. Punje ya hindi ina unga wake wa kuanzia maisha. Mbegu ya okidi haina kitu. Ili iote, hapana budi ikutane na kuvu fulani wa porini, naye ndiye huilisha mpaka iweze kujitegemea. Mpaka mwaka 1922, alipoonyesha Mmarekani Lewis Knudson kwamba mbegu hizo huweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa sukari bila kuvu, wakulima wa Ulaya na Marekani walipata shida kubwa kuziotesha. Hata leo, mche wa okidi uliotokana na mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Kwa hiyo ninaposema okidi, nasema juu ya ua, na kuvu, na mdudu, na mti, vyote pamoja. Ukichukua ua peke yake umechukua nusu ya kitu.

Okidi za nchi yetu

Katika miombo ya magharibi mwa Tanzania okidi inayoonekana kwa urahisi zaidi ni ile ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Mashina yake ni marefu, manene na ya manjano, yamesimama kama kichaka cha miwa midogo katika panda la mti. Pembeni yake husimama mizizi myembamba iliyochongoka kwenda juu, nayo hushika majani yanayodondoka ikawa kama kapu la mbolea. Maua yake ni ya manjano yenye madoadoa ya kahawia kama ngozi ya chui, na harufu yake ni ya upole. Huchanua aghalabu wakati wa kiangazi, wakati ambapo kila kitu kingine kimekauka na macho ya mtu yanatamani rangi.

Za ardhini ni nyingi. Zile za jamii ya Eulophia hulala chini ya ardhi wakati wote wa kiangazi, kisha mvua za kwanza za Novemba zikigusa majivu ya majani yaliyoungua, huchomoza vikonyo vyenye maua ya waridi au ya manjano. Mtu asiyejua huweza kulima juu yake asitambue kwamba amekata kitu.

Tatu ni zile nyeupe zinazonukia usiku, jamii ya Aerangis, ambazo hukaa juu ya miti katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mchana ua lake ni zuri lakini halina harufu ya kumfanya mtu asimame. Jua likizama ndipo hufungua harufu yake, nayo husikika mbali. Nyuma ya ua unaning'inia mrija mwembamba mrefu kuliko kiganja cha mkono, na asali iko chini kabisa ya mrija huo. Nani basi huifikia? Ni nondo mkubwa wa usiku mwenye ulimi mrefu. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin, alipoletewa ua la jamii ya karibu na hii kutoka Madagaska lenye mrija wa takriban sentimeta 30, alisema kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walimcheka. Mwaka 1903, miaka ishirini na moja baada ya kufa kwake, nondo wa namna hiyo kutoka Madagaska alielezwa na kupewa jina katika vitabu vya sayansi.

Kwetu huku habari iko karibu zaidi. Watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walionyesha mwaka 2007 kwamba mmoja wa nondo wanaochavusha okidi hizi nyeupe ni yule aitwaye Agrius convolvuli. Ninyi mnamfahamu, ila hamjui kwamba mnamfahamu. Yule kiwavi mnene mwenye kijipembe mkiani anayekula majani ya viazi vitamu, ambaye mama zetu humtoa kwa mkono na kumpa kuku, ndiye mtoto wake. Katika nchi hii ya matobolwa na michembe, kiwavi wa shambani ndiye mchavushaji wa ua la msituni. Anayemwaga dawa ya sumu shambani hana habari kwamba maua ya msitu yanapungukiwa na mgeni wao wa usiku.

Walipita hapa wakaziona

Ntalikwa na nchi yote hii ya Unyanyembe ilikuwa njiani kwa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857. Speke alirudi mwaka 1861 akiwa na mwenzake James Augustus Grant. Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi aliopelekewa na Stanley. Katika hao wote, Grant ndiye aliyekuwa na macho ya mimea. Njiani alikusanya majani na maua, akayakausha na kuyaandika, na orodha yake ikapigwa chapa na chama cha wanasayansi wa viumbe mjini London katika miaka ya 1870. Vielelezo vyake vimehifadhiwa Kew, Uingereza.

Mizigo ya misafara hiyo ilibebwa na Wanyamwezi kwa sehemu kubwa, lakini majina waliyoyatumia kwa mimea hiyo hayakupata nafasi kubwa vitabuni. Hiyo Ansellia imepewa jina la Mwingereza aitwaye John Ansell aliyeikuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho sasa ni Bioko, upande wa pili wa bara hili. Silalamiki. Nasema tu kwamba asiyekitazama kitu chake hukitazamiwa na wengine.

Mfano mwingine ni wa mkoa wa Tanga. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika misitu ya huko ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Leo ua hilo linauzwa ndani ya vyungu katika miji mingi ya dunia, na watu wengi waliolinunua hawajui Usambara iko wapi. Huku kwetu aina zake kadhaa ziko hatarini, kwa sababu misitu inayolipa kivuli inakatwa. Ua limeenea katika madirisha ya ulimwengu na linakaribia kutoweka nyumbani kwake.

Zinavyopotea

Ndugu zangu, okidi za Tabora hazipotei kwa sababu watu wanazichukia. Zinapotea kwa sababu hakuna anayezihesabu. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulifyeka miombo ya Urambo kwa matrekta. Mpango ulikufa baada ya miaka michache, na katika miaka ya 1950 ikaja tumbaku, nayo inahitaji kuni nyingi za kukaushia majani katika mabani. Juu ya hayo kuna mkaa kwa ajili ya miji. Tumbaku imesomesha wengi wetu tulio humu ndani, na mkaa umewalisha wengi. Siwezi kusimama hapa nikawatukana wanaofanya kazi hizo. Lakini hesabu ni hesabu: mtundu mmoja ukianguka, huanguka na wapangaji wake wote.

Katika safari ya kikazi upande wa Sikonge nilipata kukuta gogo la mtundu limelala kando ya tanuri la mkaa. Juu yake kulikuwa na okidi yenye mashina arobaini na zaidi, nimeyahesabu, na maua yake yalikuwa yamefunguka kana kwamba mti bado umesimama. Nikamwamkia mzee mwenye tanuri, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba ule mmea. Akacheka sana. "Hayo ni majani ya mti tu, yataungua pamoja na gogo. Chukua." Akanisaidia mwenyewe kuubandua na gome lake kwa panga. Kisha akaniuliza dawa yake inatibu nini. Nilipomwambia ni kwa ajili ya kutazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huko ndani ziko nyingi, na kesho kutwa tunaingia huko."

Upande wa kusini mwa nchi yetu kuna biashara nyingine. Viazi vya okidi za ardhini huchimbwa ili kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, kinachopendwa sana Zambia, ambacho hupikwa pamoja na unga wa karanga. Watafiti walioichunguza biashara hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba viazi vinavyovuka mpaka kila mwaka ni mamilioni. Kila kiazi ni mmea mmoja uliokwisha. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya nyanda za Kitulo, ambazo wenyeji wake huziita Bustani ya Mungu, zifanywe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Huko mna aina zaidi ya arobaini za okidi. Ni hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya maua hasa, si kwa ajili ya simba wala tembo.

Namna ya kuzipanda na kuzitunza

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa ajili ya wale wanaotaka kuotesha nyumbani na kwa ajili ya bustani ya shule. Sharti la kwanza ni hili: usibandue okidi katika mti uliosimama, wala usichimbe ile ya ardhini. Chukua ile tu ambayo mti wake umekwisha kuangushwa, na umwone kwanza ofisa wa misitu akupe idhini. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES uliosainiwa Washington mwaka 1973, na Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo kuivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Mahali. Okidi ya miombo imezoea mti unaopukutisha majani wakati wa kiangazi, na kwa hiyo inataka mwanga mwingi unaochujwa. Mwembe una kivuli kizito mno. Mjakaranda unafaa, na mfranjipani unafaa sana. Ifunge upande wa mashariki ipate jua la asubuhi.

Wakati. Ifunge mwezi wa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kabla ya mvua, maana ndipo mizizi mipya inapoanza. Ukiifunga mwezi Mei itakaa miezi sita bila kushika.

Kufunga. Kata mizizi iliyooza kwa kisu kisafi. Weka mmea juu ya gome lenye mikwaruzo, ufunge kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli au kwa kamba ya katani, kwa nguvu ya kutosha usitikisike. Usiufukie kwa udongo. Udongo ndio unaoua okidi za mitini katika nyumba nyingi: mtu hununua chungu kizuri, hujaza udongo mweusi wa bondeni, humwagilia kila jioni, na baada ya mwaka mmoja mizizi imeoza yote. Kama huna mti, tumia chungu chenye matundu mengi, ujaze vipande vya matofali ya kuchoma, mkaa na magome. Hewa ipite.

Maji. Wakati wa mvua mwachie Mungu. Wakati wa kiangazi nyunyizia asubuhi mara moja kwa juma ile iliyopandwa karibuni. Iliyokwisha kushika iache ipumzike. Angalia mizizi: ikiwa kijani, ina maji, ikiwa nyeupe kwa siku nyingi na mashina yanakunjamana, ina kiu. Usimwagilie jioni mwezi wa Juni na Julai, kwani usiku wa Tabora miezi hiyo una baridi, na maji yakilala katika chipukizi huliozesha. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya kisima chenye chumvi.

Chakula. Loweka samadi ndani ya ndoo, kisha zimua maji yake mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi. Mpe kila baada ya majuma mawili, wakati wa mvua tu. Okidi ni mmea wa kula kidogo.

Wadudu. Wale wadogo wenye magamba wanaoganda chini ya majani watoe kwa kitambaa na maji ya sabuni. Shina likioza likate, kisha upake unga wa mkaa juu ya jeraha.

Zile za ardhini zinatunzwa hapo hapo zilipo. Wekeni vijiti vya alama mahali zinapochanua, msipalilie hapo mpaka tumba zipasuke na kumwaga mbegu. Hali kadhalika fyekeni njia ya kuzuia moto kuzunguka msitu mapema mwezi wa Mei, kwa sababu moto wa Septemba ni mkali na hupanda mpaka juu ya miti, lakini moto wa mapema hupita chini.

Maua mengine ya kunukia

Bustani ya kunukia haijengwi kwa okidi peke yake. Ndugu zetu wa pwani wana elimu ya siku nyingi katika jambo hili. Wao hufunga asmini, mrehani na langilangi kuwa kikuba, na mwanamke hukivaa katika sherehe. Katika hayo, asmini na mrehani hukubali vizuri hapa kwetu. Asmini huoteshwa kwa vipande vya tawi vya unene wa penseli, vilivyochomekwa mwanzoni mwa mvua mahali penye kivuli. Ikishika huhitaji uzio wa kupandia na maji ya kiangazi, na ikimaliza kuchanua ikatwe matawi. Mrehani huoteshwa kwa mbegu. Waridi nalo linakubali, bora likatwe mwezi wa Juni au Julai na lisipandwe mahali maji yanaposimama. Langilangi ni mti unaotaka joto na unyevu wa Unguja na Pemba. Huku juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na miezi sita ya ukame, utapata taabu nao.

Vijana wengi wameniuliza jana juu ya vanila, kwa sababu wamesikia bei yake. Kweli vanila ni okidi, tena ndiyo okidi inayolimwa mashambani kwa wingi kwa ajili ya harufu. Kagera, Kilimanjaro na Zanzibar wanailima. Asili yake ni Meksiko, na nje ya huko ilichanua miaka mingi bila kuzaa, kwa kukosa mdudu wake. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa mwenye umri wa miaka kumi na miwili, jina lake Edmond, alionyesha namna ya kulichavusha ua hilo kwa kijiti na kidole gumba. Mtindo wake ndio unaotumika mpaka leo Bukoba: kila ua kwa mkono, asubuhi, kwani ua hudumu siku moja. Tumba hukaa karibu miezi tisa, na likichumwa bichi halina harufu. Harufu huja baada ya kuchemshwa, kuanikwa na kutunzwa kwa miezi. Edmond alipata uhuru mwaka 1848, akapewa jina la ukoo Albius, akafa maskini mwaka 1880, wakati wengine wakitajirika kwa ufundi wake. Alikuwa mdogo kuliko wengi wenu mlioketi hapa. Lakini Tabora ni kavu mno kwa vanila ya shambani. Asije mtu akawauzia miche kwa ahadi ya utajiri.

Shauri langu

Ndugu Mwenyekiti, sasa narudi kwenye msitu wa nyuma ya viwanja. Wanaotaka ukatwe wana hoja zao, nami naziheshimu. Wanasema miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki. Ni kweli, huchipua. Lakini okidi haichipui pamoja na kisiki. Mti mchanga hauna gome la kushikia wala kivuli cha kufaa, na kuvu wa kulisha mbegu humtegemei kurudi kwa amri. Wanasema mikaratusi hukua upesi. Ni kweli pia. Lakini mikaratusi mingi huambua gome lake vipande vipande mwaka hata mwaka, na mmea wa juu ya mti hauwezi kukaa juu ya ukuta unaobomoka. Wanasema jiko linahitaji kuni. Hapo pia pana jibu: Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Tutakata msitu wa miaka mingi kwa ajili ya jiko ambalo sisi wenyewe tunatakiwa kulibadilisha?

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, msitu usikatwe. Mikaratusi, kama bado tunaitaka, ipandwe katika ule uwanda mtupu wa kando ya barabara. Pili, sisi wanafunzi wa zamani tuchange simtanki moja na mifereji ya bati kwa bweni lililo karibu, maji ya mvua yatumike kwa bustani wakati wa kiangazi. Tatu, tuombe idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu ili okidi zilizo juu ya miti inayoangushwa kihalali katika wilaya zetu ziletwe hapa zifungwe kwenye mijakaranda ya mbele ya ofisi, badala ya kuungua. Nne, kila darasa liwe na daftari moja. Wanafunzi waandike humo tarehe ua lilipochanua, mdudu aliyeonekana, na zaidi ya yote, jina la mmea kwa Kinyamwezi na matumizi yake, kama watakavyoelezwa na babu na bibi zao. Majina hayo Grant hakuyamaliza, na wazee hawatatungoja.

Kwa upande wangu, ile okidi ya Sikonge ipo, imeshika, na imekwisha kuchanua mara tatu. Nitaigawa mapande mawili mwezi wa Oktoba, na pande moja ni la shule.

Wadogo zangu, nyinyi hamna kura katika mkutano wa mchana, lakini msitu huo ni wenu zaidi kuliko wetu. Sisi tutapanda magari jioni tuondoke. Nendeni leo mkautazame, mtu mmoja awaonyeshe wenzake, na usiku mkipewa ruhusa na mwalimu wa zamu nendeni mkasikilizie harufu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba shauri hili lipigiwe kura pamoja na lile la Kamati.